Nyimbo zetu: mwanamke kabadilika, ama maiki ndo imempata mwenyewe?

binti_kibokoni
Assalaam aleykum, na wengine hamjambo. Mimi nashona nguo za harusi huku Mji wa Kale na redio kwangu haizimwi toka asubuhi mpaka maghribi. Juzi natia shanga gauni la bibi harusi, binti yangu wa miaka 13 katoka madrasa, kaketi chini aniokotea shanga zikianguka. Ikapigwa taarabu ya zamani, mwanamke alia mume hajarudi, chakula kimepoa, na yeye asema atangoja hata kukuche. Ile kuisha tu wakaweka bongo fleva ya msichana mmoja, huyo asema kama hunitaki niambie mapema, nyumba nalipa mwenyewe. Mtoto akaniuliza, "Mama, kwani yule wa kwanza hakuwa na kazi?"

Nikabaki na sindano mkononi wallahi. Kwa sababu ile taarabu ndiyo mamangu alokuwa akiimba saa kumi za alfajiri akichoma mahamri ya kuuza, na mahamri hayo ndo yaliyotusomesha sisi wanne, babangu alikuwa baharini na pesa zake zikija leo kesho hazijulikani. Yaani mama alikuwa na kazi, alikuwa na deni la unga dukani, alikuwa na wateja, na mdomoni yuaimba mwanamke aketiye kungoja. Sasa nauliza, nyimbo zile zilikuwa zatusema sisi kweli ama zilikuwa zamsema mwanamke alotakikana? Na hizi za sasa je? Naomba jibu la moyoni, nataka nipate la kumwambia mtoto.

kinanda_likoni
Waaleykum salaam dadangu. Mimi nimepiga kinanda kwenye harusi zaidi ya miaka ishirini, kuanzia Likoni mpaka Kilifi, nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Usiangalie muimbaji, angalia wanaokuja kutuza. Mama yuainuka kwenye kiti, noti iko juu, yuaja pole pole akicheza, na beti aliyoinukia ndiyo siri yake hiyo, ukumbi mzima wajua yuamtuzia nani na yuampiga nani dongo.

Zamani maneno mengi yalitoka kwa malenga wanaume. Juma Bhalo mwenyewe, muimbaji wetu wa taarabu, nyimbo zake nyingi zimetungwa na Ahmad Nassir, na ni mashairi mazito, siwezi kuyatia dosari, lakini uchungu wa mwanamke ukimfika msikilizaji ushapita kalamu ya mwanamume. Zuhura Swaleh alipokuja na chakacha yake, ngoma ya kina mama, pamoja na Maulidi Juma kina mama wa Mombasa waliamka, hata sauti ya ukumbi ilikuwa tofauti. Halafu miaka ya 90 ndo yakaingia mambo ya TOT na Muungano, vikundi vya taarabu kutoka Dar, na mipasho yao, nyimbo za vijembe, na hapo sasa mwanamke akawa asema na mwanamke mwenziwe uso kwa uso.

Wakati naanza kazi beti za subira ndizo zilizojaza sahani. Siku hizi wainukia beti ya nimejenga. Kuna harusi moja Mtongwe mama mmoja alikuja na noti za mia mia, moja moja, beti hiyo hiyo tukairudia mara nne kwa ajili yake na yeye machozi yamtoka huku acheza. Baadae mwenyeji akanambia karudi kutoka Saudia baada ya miaka sita, na nyumba ameezeka mwezi ule ule. Toka siku hiyo nikiipiga ile beti mkono wangu huwa mzito kidogo.

kaka_kongowea
Mimi nitapingana nanyi kwa heshima. Zile za zamani zilikuwa na adabu, mwanamke yuaimba na watoto wako sebuleni na hapana wa kuona haya. Hizi za sasa ni pesa, ni kuachana, ni huyu nimemtoa nimemuweka yule. Mimi nina dada watatu na nawapenda, sitaki wangoje mtu mpaka asubuhi, lakini pia sitaki wafunzwe kwamba ndoa ni kama laini ya simu, ikikosa netwaki waitoa. Bibi zetu walifunzwa na utendi wa Mwana Kupona, ule wa mama kumuusia bintiye, kutafuta radhi tano, Mungu, Mtume, baba, mama na mume, na nyumba zilisimama. Mabadiliko si lazima yawe ni kwenda mbele.

mwalimu_mstaafu_tudor
Mwanangu wa Kongowea, nimesomesha Kiswahili miaka mingi na Utendi wa Mwana Kupona nimeupitia na watoto wa watu sijui mara ngapi, kwa hivyo nisikilize. Yule bibi aliuandika 1858, mgonjwa, anamuachia bintiye Mwana Hashima. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mtu aliyepambana na Sultani wa Unguja, kwa hivyo usimdhanie ni mwanamke wa jikoni tu asojua dunia. Ampa binti silaha alizokuwa nazo wakati ule, namna ya kuishi usiumizwe. Na la kutazama sana ni hili, aliyeshika kalamu ni mama, hakungoja shekhe amuandikie. Ukiusoma kama amri tu utakuwa umemnyang'anya akili yake.

Na atakayesema ati zamani wanawake walinyamaza, si kweli hata kidogo. Siti binti Saad, muimbaji wa taarabu wa Unguja, alizaliwa Fumba, alikuwa akiuza vyungu, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, kwa Kiswahili, wakati taarabu ya kwa Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Aliimba kesi ya mwanamke mjamzito aliyeuawa, muuaji akatoroka, na lawama mahakamani ikawaangukia wanawake waliokuwa wamemualika marehemu. Hiyo ni miaka ya 20! Nani leo ataimba kesi ya namna hiyo na aitaje jina?

Halafu wanaume hamkuwepo kwenye vugo, ngoma ya harusi ya wanawake. Mimi nilikuwepo, msichana mdogo, nimeshikwa mkono na shangazi, wanawake wamefunga leso wapiga pembe za nyati kwa vijiti na watunga nyimbo pale pale. Mume mchoyo asemwa, mke mwenza asemwa, tajiri asiyelipa kibarua chake asemwa. Nimesikia maneno ambayo sitayaandika hapa. Asubuhi wale wale wapita njiani wametulia kimya. Na aliyekuwa hakuimba basi alinunua leso Biashara Street, akachagua jina lake, yale maneno yaloandikwa, vizuri, akamfungia jirani machoni. Kwa hivyo binti wa Kibokoni, jibu langu ni kwamba maneno yalikuwepo siku zote, ila yalikuwa chumba cha ndani.

sauti_ya_bamburi
Nawashukuru bi mwalimu na ami wa kinanda, mmenifunza. Ila kichwa cha habari kimenichoma kidogo, ati maiki imempata mwenyewe. Mimi naingia studio kurekodi, sina jina bado, naitikia wenzangu na nina nyimbo mbili zangu. Ya pili niliandika kuhusu mamangu mdogo anayeuza samaki, vile anavyopigania bei na mawakala alfajiri pale ufuoni. Prodyusa akanambia ni nzuri lakini haiuzi, watu wapenda mwanamke akilia ama akitamba, hapo katikati hapana soko. Akanibadilishia kiitikio kikawa cha mapenzi. Nilikuwa nadaiwa masaa ya studio, nikakubali, na mpaka leo ikipigwa sijiskii ni mimi.

Kwa hivyo tukisikia sauti ya msichana yasema nyumba nalipa mwenyewe tuulize pia nani kaandika na nani amiliki wimbo. Wapo walopasua njia, Nyota Ndogo alikuwa mfanyakazi wa nyumbani hapa hapa Mombasa kabla hajajulikana na akaimba maisha anayoyajua, ndo maana mimi namshika sana. Na Zuchu wa bongo fleva ni mtoto wa Khadija Kopa, muimbaji wa taarabu, kapokea kijiti kwa mamake kabisa. Lakini wengi wetu bado maneno twapewa, ni vile tu zamani twapewa ya kulia na sasa twapewa ya kutamba. Kwenye simu nimeiweka ile ya kwanza, ya samaki, haijatoka.

kaka_kongowea
Dada wa Bamburi hiyo ya samaki itoe. Mamangu yuauza viazi karai jioni, sijawahi kusikia wimbo wa mtu kama yeye. Hapo nakubali.

binti_kibokoni
Ahsanteni sana jamani, nimesoma yote nikamsomea na mama, macho yake sasa hayaoni vizuri. Alipofika kwa bi mwalimu akacheka mpaka akafunika uso na leso. Anambia ile taarabu ya kungoja yeye alikuwa akiimba beti mbili za mwanzo tu, ile ya chakula kimepoa hakuwahi kuiimba hata siku moja, hapo alikuwa akiweka maneno yake, na wenziwe wa kununua mahamri wakija mlangoni wakiyajua na wakiitikia. Sisi tulikuwa tumelala. Nimemuomba aniimbie, akakataa, asema mpaka huyu mtoto alale kwanza. Mtoto naye kasikia, amekataa kulala. Simu nimeshaichaji.