Fargo (1996): ni toleo gani la diski linaloitendea haki?

Mkesha ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu. Hivi karibuni niliitazama Fargo ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, katika nakala ya mtandaoni iliyokuwa duni kupita kiasi: picha ilikatwa kingo ili ijaze skrini, na ile theluji inayotawala filamu nzima ilikuwa kama uji wa kijivu uliogandishwa. Hata hivyo, hadithi yenyewe ilinishika. Jerry Lundegaard, meneja mauzo wa magari huko Minneapolis, anawakodi wahalifu wawili wamteke nyara mke wake mwenyewe ili baba mkwe wake tajiri atoe fidia, na tangu hapo kila anapojaribu kuziba tundu moja anafungua jingine, na maiti wanaongezeka. Nilijikuta nikicheka katika matukio ambayo mtu mwenye haya angenyamaza.

Sasa ninataka kuwa na nakala yangu. Ninaona kuna DVD, kuna Blu-ray za aina mbili, na kuna diski ya 4K Ultra HD. Je, tofauti kati ya matoleo haya inaonekana kwa macho ya mtazamaji wa kawaida, au ni maneno ya kwenye jalada tu? La pili: maandishi ya mwanzo yanadai kwamba hayo yote yalitokea Minnesota mwaka 1987. Je, ni kweli?

---

Deki ya Zamani amejibu:

Ndugu Mkesha, nianze na hizo kingo zilizokatwa, kwa sababu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote uliyoyataja. Filamu hii ilikusudiwa kuonekana kwa uwiano wa 1.85 kwa 1, yaani picha pana. Enzi za VHS, kaseti nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya televisheni za 4 kwa 3, na athari za nakala hizo bado zinazunguka mtandaoni hadi leo. Kwa filamu nyingine ungevumilia. Kwa hii, upana wa fremu ni sehemu ya kichekesho chenyewe, nami nina hakika wenzangu watalieleza hilo vizuri zaidi.

Kuhusu matoleo, DVD inayofaa kuzingatiwa ni lile toleo maalumu la mwaka 2003, kwa kuwa ndilo lililoleta makala ya video iitwayo Minnesota Nice pamoja na maelezo ya sauti (yanayosikika huku filamu ikiendelea) ya Roger Deakins, aliyeongoza upigaji picha. Ziada hizo zilihamishiwa kwenye Blu-ray ya mwaka 2009. Mwaka 2014 ikatoka Blu-ray nyingine iliyotokana na ukarabati mpya wa picha, na mwaka 2023 kampuni ya Shout! Factory ikatoa 4K Ultra HD. Ukitaka DVD kwa sababu ya bei, angalia kwanza kama ni ya PAL, yaani mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya na sehemu nyingine nyingi nje ya Marekani. Diski hizo huendesha fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 98 huisha takriban dakika 4 kabla ya wakati wake, na sauti za watu hupanda kidogo. Katika filamu ambayo watu hunyamaza kwa muda uliopimwa ili tucheke, kasi hiyo si jambo dogo.

Wapenzi wa kukusanya vitu watakuambia pia juu ya toleo la VHS lililouzwa pamoja na tufe la kioo lenye theluji ya bandia, ambalo ndani yake mlikuwa na lile tukio la filamu ambapo maiti inatiwa katika mashine ya kusagia miti. Ukilitikisa, damu nayo huruka pamoja na theluji. Sijui kama kuna tangazo lililowahi kuieleza filamu kwa usahihi zaidi ya hilo.

---

Fremu kwa Fremu amejibu:

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila ningependa kuliendeleza suala la theluji. Majira ya baridi ya mwaka 1995 yalikuwa na joto lisilo la kawaida katika eneo la Minneapolis, kiasi kwamba watengenezaji walilazimika kuhamishia sehemu ya upigaji picha North Dakota na pia kutumia theluji ya bandia. Walichokuwa wakikitafuta ni ardhi nyeupe na mbingu nyeupe zisizotenganishwa na mstari wowote. Filamu inaanza hivyo hasa: skrini tupu, halafu gari linajitokeza polepole kutoka katika weupe likivuta gari jingine nyuma yake, huku muziki wa Carter Burwell, uliojengwa juu ya wimbo wa asili wa Norway, ukipanda kwa huzuni kubwa isiyolingana hata kidogo na uduni wa mpango unaokuja.

Weupe wa namna hiyo ndio mtihani mgumu kwa video iliyobanwa sana. Programu inayopunguza ukubwa wa faili huona eneo kubwa lisilo na tofauti nyingi, ikaligawa katika vibokisi na mistari, na ndiyo maana wewe uliona uji. Katika Blu-ray ya mwaka 2014 tayari unaona chembechembe za filamu na vivuli hafifu vinavyotofautisha barabara na shamba. Kwenye 4K tofauti hiyo inaongezeka, ingawa si kwa kiwango cha kukufanya uitupe Blu-ray uliyo nayo.

Chukua mfano wa Carl Showalter, mmoja wa wale wahalifu wawili, anayeigizwa na Steve Buscemi, anapofukia begi la pesa kando ya uzio. Amejeruhiwa taya, ana haraka, na begi lina takriban dola 920,000, zilizobaki katika fidia ya dola milioni 1, ambazo mwenzake hajui kama zipo, kwa sababu Jerry aliwaambia kwamba fidia ni dola 80,000. Anatazama upande mmoja: nguzo za uzio zinazofanana mpaka upeo wa macho. Anatazama upande wa pili: nguzo zilezile. Basi anachomeka kikwangulio kidogo chekundu cha barafu kiwe alama, naye anaridhika. Hakuna neno linalosemwa. Kata kingo za picha, ufupishe uzio, nawe umepunguza urefu wa upumbavu wake. Ndivyo ilivyo pia pale Jerry anapoonekana kutoka juu akitembea peke yake kuelekea gari lake katika eneo tupu la maegesho, baada ya baba mkwe kumnyang'anya wazo lake la biashara. Mtu huyo ni nukta tu, na lazima abaki nukta.

Nashauri pia uzime kwenye televisheni yako vile vipengele vya kulainisha mwendo na kupunguza chenga kabla ya kulaumu diski yoyote.

---

Sikio amejibu:

Wenzangu wamezungumzia macho peke yake, nami sikubali kwamba 4K ni ya lazima kwa filamu ambayo nusu ya ucheshi wake uko katika matamshi. Watu wa hadithi hii huongea kwa upole wa kupita kiasi, kwa lafudhi yenye asili ya Skandinavia, hata wanapozungumzia maiti. Marge Gunderson, mkuu wa polisi wa Brainerd mwenye ujauzito mkubwa, anachunguza miili iliyolala kwenye theluji, anainama, na mwenzake anadhani ameona kitu. Kumbe ni kichefuchefu cha asubuhi, ambacho kikipita anasema ana njaa tena. Frances McDormand alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa nafasi hii ingawa tunamwona kwa mara ya kwanza baada ya nusu saa hivi, na filamu ilipata nyingine ya mswada asilia wa filamu.

Hapo ndipo manukuu yanapoingia. Blu-ray ina manukuu ya Kiingereza kwa wenye shida ya kusikia, na kwa msikilizaji asiyezoea lafudhi hiyo yana msaada mkubwa. Lakini yana gharama yake: maandishi hutokea skrini kabla mwigizaji hajamaliza kusema, nawe unakicheka kichekesho mapema au hukicheki kabisa. Tazama Carl anavyomlalamikia mhalifu mwenzake, Gaear Grimsrud, garini kwamba hazungumzi, na jinsi ukimya wa yule mwingine unavyorefushwa. Macho yakiwa chini ya skrini yakisubiri neno linalofuata, uso wa Peter Stormare, anayemwigiza Grimsrud, unakupita. Mimi ningetazama mara ya kwanza kwa manukuu, kisha nikayazima.

---

Mkesha ameandika:

Nawashukuru nyote. Hoja ya manukuu sikuitarajia, na ni kweli niliyasoma muda wote. Naomba mnisaidie mawili yaliyobaki: lile dai la ukweli, na kama diski ya Marekani itakubali kucheza kwenye deki iliyonunuliwa kwingine.

---

Deki ya Zamani amejibu:

Dai la ukweli ni kichekesho cha kwanza cha filamu, nacho kinachezwa kabla hujamwona mtu yeyote. Ukivumilia hadi mwisho wa majina utakuta tangazo la kawaida kwamba wahusika ni wa kubuni. Akina Coen wamekwisha kueleza kwamba walichokopa katika maisha halisi ni vipande tu, kikiwamo cha mauaji ya mwaka 1986 katika jimbo la Connecticut, ambapo mume alitumia mashine ya kusagia miti kuuficha mwili wa mkewe. Minnesota haimo katika mkasa huo. Hata jina la filamu linapotosha, kwa kuwa mji wa Fargo uko North Dakota na tunauona katika onyesho la mwanzo tu, pale Jerry anapokutana na wahalifu kwenye baa. Na mhariri aliyetajwa, Roderick Jaynes, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hii, hayupo. Ni jina la bandia la ndugu hao wawili.

Kuhusu deki: diski za 4K Ultra HD hazina kufuli la kanda, yaani kizuizi cha kucheza katika maeneo fulani ya dunia tu, hivyo ya Marekani itacheza kwenye deki yoyote ya 4K. Tahadhari ni kwa Blu-ray za kawaida, kwani ya Marekani inaweza kufungiwa kanda A, ilhali deki za Ulaya, Afrika na Australia ni za kanda B. Kama huna deki ya 4K, tafuta toleo la ukarabati wa 2014 lililotengenezwa kwa kanda yako, na kabla ya kulipa hakikisha jalada linataja maelezo ya Deakins.