Tamasha bila chupa za plastiki

Swali: Ndugu zangu, kamati yetu inaandaa tamasha la mtaa hapa Tanga, na kila mara uwanja hubaki umetapakaa chupa za maji. Tufanyeje?

Jibu: Wekeni mapipa safi yenye bomba, watu waje na vikombe vyao, na mama lishe watumie sahani za kuosha badala ya zile za kutupa.

Jibu: Naunga mkono. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, tulirudia vikapu. Tangazeni mapema tu.

Jibu: Chupa zitakazokuja zisichanganywe na mabaki ya chakula, kwa sababu zikishapakwa mchuzi na mafuta, waokotaji hawazipatii bei nzuri, nazo huishia jalalani.