Nani hukagua bei baada ya Serikali kuuza nyumba na madeni yake?

Mkaaji wa Katuba, Lubumbashi

Ndugu zangu, nawasalimu. Baba yangu alitumikia kampuni moja ya Serikali kwa miaka mingi, na nyumba tuliyokulia iliuzwa pamoja na nyumba zote za safu ile kwa mnunuzi mmoja, bila sisi wakaaji kuelezwa bei ilivyopatikana. Nasikia kwamba hata madeni ambayo mashirika ya umma yanawadai watu huweza kuuzwa kwa jumla namna hiyo. Mkaguzi akifika wakati fedha zimekwisha kulipwa, hutazama nini hasa? Na je, anaweza kuyatengua mauzo?

Mwanasheria, Bukavu

Pole, ndugu. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 180, imeipa Mahakama ya Hesabu kazi ya kukagua fedha na mali ya Serikali pamoja na hesabu za mikoa na mashirika ya umma, na kila mwaka inapaswa kutoa ripoti kwa Rais, Bunge na Serikali. Ukaguzi Mkuu wa Fedha ni chombo kingine, kilicho chini ya Rais. Wengi huvichanganya, na barua zao huishia mezani pasipohusika. Mkaguzi hatengui mkataba. Hilo hudaiwa mbele ya majaji wengine.

Mhasibu mstaafu, Lubumbashi

Mwanangu, hutazama karatasi, hasa zile zilizoandikwa kabla ya mauzo. Chukua mfano wa Ireland, ambako mwaka 2009 Serikali iliunda shirika la NAMA ili lichukue mikopo mibaya ya majengo na ardhi kutoka kwenye mabenki. Mwaka 2014 shirika hilo liliuza mikopo ya Ireland Kaskazini kwa kampuni ya Marekani, Cerberus, kwa kiasi cha pauni bilioni 1.3. Mkaguzi Mkuu, Seamus McCarthy, hakuanza kwa kutafuta mwizi. Aliuliza bei ya chini kabisa ambayo shirika lilikuwa tayari kuikubali ilitoka wapi.

Bei hiyo hukadiriwa kwa fedha ambazo mikopo italeta miaka ijayo. Fedha itakayolipwa baada ya miaka mitano ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwa hiyo muuzaji huipunguza kwa kiwango fulani kila mwaka, na kiwango kikipanda, thamani hushuka. NAMA ilikuwa na desturi ya kutumia asilimia 5.5, lakini katika mauzo haya ilitumia asilimia 10. Katika ripoti yake ya mwaka 2016, Mkaguzi alisema kumbukumbu hazikutosha kuthibitisha badiliko hilo, na kwamba kwa kiwango cha kawaida mikopo ingekuwa na thamani ya pauni bilioni 1.49. Tofauti ni pauni milioni 190. NAMA ilimpinga vikali, na kamati ya hesabu za umma ya bunge ikawaita wakuu wake kujieleza. Tarakimu moja tu, mwanangu! Nimefanya kazi ya vitabu maisha yangu yote, na bado nashtuka nikiisoma.

Mkaaji wa Katuba, Lubumbashi

Nashukuru sana, mzee wangu. Basi niombe karatasi gani kwanza?

Mhasibu mstaafu, Lubumbashi

Tathmini ya nyumba, yenye tarehe na sahihi ya aliyeifanya, kisha kumbukumbu ya kikao kilichoamua kuziuza zote kwa mnunuzi mmoja. Ikiwa tathmini iliandikwa baada ya mnunuzi kutaja bei yake, weka jambo hilo katika mstari wa kwanza wa barua yako kwa Mahakama ya Hesabu.