Mtoko wa miaka 10 ya ndoa Dar: Hyatt, Sea Cliff, Slipway au Akemi?

Fundi_Saa
Wakuu habari za jioni. Mwezi ujao mimi na mama watoto tunatimiza miaka kumi ya ndoa na safari hii sitaki ile ya keki na soda sebuleni huku watoto wanagombania kipande chenye ua, nataka tutoke wawili tu, sehemu ya maana, kitambaa cheupe mezani na mhudumu wa kukuvutia kiti. Bajeti laki tatu, usafiri pembeni. Nimepewa majina manne: Level 8 pale juu Hyatt, Karambezi ya Sea Cliff, Waterfront pale Slipway, na Akemi ile inayozunguka. Yeye anapenda vitu vya baharini, pweza, kamba, kolekole, mimi nakula chochote ila samaki mbichi hapana. Halafu kasema anataka kuona jua linazama baharini. Tunatokea Mbagala. Naomba mchanganuo kutoka kwa waliokaa na kula, sio waliopita nje.

Mama_Kolekole
Hongereni jamani, miaka kumi si mchezo. Ila kabla hujabuku popote tuanze na hilo jua maana ndo wengi wanapopigwa. Bahari yetu Dar iko mashariki, jua linachomoza huko asubuhi, jioni linaenda kuzama nyuma ya mji. Sasa wewe ukampeleke Sea Cliff saa kumi na mbili jioni ukamkalisha anaangalia bahari kuu, jua litakuwa kisogoni kwake na atakuuliza liko wapi. Pa kuliona linashuka juu ya maji ni ule upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, kwa sababu pale katikati kuna ghuba, na Slipway iko upande huohuo. Unakaa, mbele yako mashua zimetia nanga, boti za kisiwa cha Bongoyo zinarudisha watu wamebabuka, jua linashukia ng'ambo upande wa Mikocheni. Muwe mmekaa saa kumi na moja na nusu. Mwezi wa tano wa sita linazama mapema, kwenye saa 12 na dakika 10 hivi, mwezi wa pili linachelewa mpaka karibu saa moja kasoro robo, na likishazama giza linaingia faster, sio kama huko Ulaya mtu anakaa masaa anasubiri usiku.

Karambezi ni nzuri, sijaiponda, ila ni ya mchana. Jumapili saa saba unakaa kule juu ya mwamba mawimbi yanagonga chini, upepo wa bahari, unakula samaki wako taratibu. Usiku bahari huioni, unaisikia tu. Na mwambie asitengeneze nywele laki moja maana ule upepo hauna adabu.

Mzee_wa_Posta
Kijana nenda Hyatt. Sisi wengine tunaiita Kilimanjaro Hotel mpaka leo, ile ya 1965, baadaye ikawa Kempinski ndo sasa Hyatt. Ukiwa kule juu ghorofa ya nane unaona mlango wote wa bandari, meli inapita karibu kabisa, pantoni za Kigamboni zinapishana, chini yako kanisa la Azania Front na vigae vyake vyekundu. Huo muonekano ni wa USIKU, taa zikiwaka, kwa hiyo habari ya jua mwachie Mama Kolekole.

Tahadhari moja, Level 8 ni baa zaidi kuliko mgahawa. Ukienda kule na njaa ya Mbagala utakula vitafunio mpaka laki tatu iishe. Kuleni kwanza mahali pengine, au hapohapo chini kwenye mgahawa wao wa vyakula vya Asia, halafu ndo mpande juu na kinywaji kimoja kimoja. Na usivae kandambili wala kaptula tafadhali, wewe ni baba wa watu.

Mtoto_wa_Temeke
Kuleni ugali dagaa nyumbani kabisa ndo mtoke 😂😂 sehemu hizo sahani kubwa kama beseni, chakula kimekaa katikati kama kimepotea njia

Binti_Sinza
@Mtoto_wa_Temeke hayo unayosema ni kwa sababu uliagiza kitu kimoja. Sehemu kama hizo watu wanakula kwa awamu, kitu kidogo cha kuanzia, chakula chenyewe, halafu kitamu cha mwisho, ukijumlisha unashiba vizuri tu. Tatizo letu tunaruka moja kwa moja kwenye chakula kikuu tunakula dakika kumi halafu tunaangaliana.

Fundi suala lako kubwa ni bili, sikiliza yaliyonikuta, sehemu siitaji. Mimi na mwenzangu tulipiga hesabu kwenye menyu ikaja 240,000, tumekaa kwa raha kabisa. Bili inakuja: VAT asilimia 18, ni 43,200. Huduma asilimia 10, 24,000. Jumla 307,200 na sisi tuna laki tatu kamili! Kumbe chini ya menyu kuna maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo, bei hazina kodi. Tulichanga hela ya Bolt. Kwa hiyo ukishakaa tu muulize mhudumu, bei hizi zina kodi na huduma ndani au bado? Usione aibu, wenye hela ndo wanaouliza sana. Na maji, ukiambiwa "maji gani" sema ya kawaida ya Tanzania, vinginevyo inakuja chupa imepanda ndege kukuzidi wewe.

Kapteni_Mstaafu
Hakuna aliyegusa Akemi. Iko mjini jengo la Golden Jubilee, ghorofa ya 21, sakafu inazunguka taratibu sana hata kizunguzungu hupati, unageuka tu unakuta bandari imehama imekuja Kariakoo. Kwa mwenye hamu ya kuuona mji wote ndo penyewe. Piga simu kwanza lakini. Na usiweke kitu kwenye ukingo wa dirisha, mimi nchi moja ya nje niliweka miwani kwenye mgahawa wa namna hiyo, kumbe dirisha limesimama sisi ndo tunaenda, nikaja kuikuta kwenye meza ya wazee wa Kijapani wanaiangalia.

Shangazi_Regent
Mimi nawaharibia kidogo. Kwa hela hiyo ningeenda Addis in Dar, mgahawa wa Kihabeshi mtaa wa Ursino. Sinia moja, injera ile mikate yao laini, mnakula kwa mkono watu wawili toka sahani moja, mnalishana kabisa, halafu kahawa inachemshwa na ubani. Mvutiwe viti vya nini?

Mama_Kolekole
Shangazi mtu kasema anapenda pweza wewe unampeleka kwa Wahabeshi 😂

Fundi_Saa
Nimesoma zote, asanteni sana. Nimebuku Slipway Jumamosi, meza ya nje, kisha kama hela imebaki tunapitia Hyatt kwa Mzee wa Posta.

Fundi_Saa
Mrejesho kama nilivyoahidi. Tulitoka Mbagala saa tisa, foleni ya Kilwa Road mnaijua, tukafika saa kumi na moja na robo nimeloa mgongo mzima. Nikamuuliza mhudumu habari ya kodi kabla hata sijafungua menyu, mke akanikanyaga chini ya meza ila nimejua mapema. Wingu lilikuja likakaa palepale jua linaposhukia, nikajua basi imeisha hiyo, nusu saa nzima hakuna kitu, halafu mwishoni kabisa likachungulia kwa chini, jekundu, maji yote yakabadilika, hata meza ya jirani waliokuwa kwenye simu wakanyamaza. Alikula kamba na pweza wa kuchoma, mimi kolekole, tukagawana kitu cha chokoleti. Imebaki 60 na kitu. Hyatt hatukufika, alishavua viatu.

Mzee_wa_Posta
Nilijua tu.

Mama_Kolekole
Picha ziko wapi?

Fundi_Saa
Alipiga yeye na simu yake. Ananiambia hazinihusu.