Ukoo wa Bi Somoe (Shangani na Newala)

Mama Shami: Shikamooni wakubwa. [picha 2] Shami kajikuna usiku kucha, shuka ina damu. Nyuma ya magoti kumechachamaa tena.

Bibi Somoe: Marahaba. Si nilisema mwache pweza?

Mama Shami: Pweza kaacha tangu Ramadhani bibi, na mayai pia. Kakonda tu, ukurutu upo palepale.

Mjomba Hamisi: Hauambukizi huo? Wanangu walilala naye kitanda kimoja.

Zuhura nesi: Hauambukizi mjomba, hata wakila sahani moja. Ngozi yake haishiki maji. Ikikauka inapasuka, kila kitu kinaichokoza. Wewe una pumu, mama yake mafua ya vumbi. Hivyo vyote ni ndugu.

Mjomba Hamisi: Kesi imeniangukia mimi 😂

Zuhura nesi: Mama Shami, huko Newala alikaa muda gani?

Mama Shami: Wiki tatu. Aliondoka hapa ngozi laini kabisa. Halafu nimepekua picha za simu sasa hivi, mwaka jana mwezi wa saba alirudi hivihivi 😳

Bibi Somoe: Kwa hiyo kwangu ndiko kwenye ugonjwa?

Zuhura nesi: Hapana bibi yangu. Ila mwezi wa saba huko kuna nini?

Mjomba Hamisi: Salfa, ile dawa ya mikorosho. Tunapuliza alfajiri, hata mimi macho yanawasha.

Bibi Somoe: Mikorosho iko mpaka dirishani. Ukungu wa ubwiri ukiingia hatuvuni kitu. Tusipulize?

Zuhura nesi: Pulizeni, mtoto akae mbali, na nguo za kupulizia zisiingie anakolala. Lakini salfa siibebeshi mzigo wote. Huko juu sasa baridi na upepo mkavu. Mlimwogesha na nini?

Bibi Somoe: Maji ya moto, sabuni ya mche, dodoki. Mtoto kutwa yuko mchangani! Usiku namfunika blanketi la manyoya.

Zuhura nesi: 🙈 Bibi!

Zuhura nesi: Maji vuguvugu, dakika chache. Sabuni isiyonukia. Mfute kwa kugusagusa, kisha mafuta ya mgando, mengi, ngozi ikiwa bado na unyevu. Na kanga ya pamba itangulie blanketi.

Mama Shami: Mbona Desemba alilipuka hapahapa Shangani? Salfa ilikuwa imeisha zamani.

Zuhura nesi: Alivaa nini?

Mama Shami: Lile gauni la nailoni la harusi ya wifi. Joto lile, alilowa jasho mpaka miguuni. Kumbe!

Mama Shami: Na ile tyubu niliyoandikiwa, napaka siku mbili ikitulia naacha. Wanasema inachuna ngozi.

Zuhura nesi: Ndiyo maana inarudi. Paka siku zote ulizoandikiwa, palipowaka tu. Zinazochuna ni zile kali za kujichubua, zinazouzwa kiholela. Hizo usimguse nazo.

Zuhura nesi: Ngoja. Picha ya pili, kwenye kiwiko, ni ukoko wa njano au mwanga wa taa?

Mama Shami: Ukoko. Umeanza jana, unatoa majimaji.

Zuhura nesi: Basi wadudu wameshaingia, mafuta peke yake hayatoshi. Asubuhi mpeleke kliniki. Akipata homa usiku huu, usingoje kuche.

Mjomba Hamisi: Natuma nauli ya bajaji.

Mama Shami: Asante mjomba. Zuhura, na chakula?

Zuhura nesi: Alipokula pweza au mayai aliwahi kuvimba midomo, kutapika, kutoka vipele papo hapo?

Mama Shami: Hata siku moja.

Zuhura nesi: Basi mwambie daktari hivyohivyo, sioni sababu ya kumnyima.

Bibi Somoe: Blanketi nimelitoa. Mnunulieni mtoto pweza wake.