Oili ya gia boksi ya mashine ya boti imekuwa nyeupe, naomba ushauri

Habari wakuu. Nina mashine ya boti ya farasi 40, tu-stroki (ile ya kuchanganya oili na petroli), tunavulia huku Kilwa. Ikilala usiku, asubuhi nakuta oili inachuruzika kwenye propela. Mwanzo nilidhani ni oili ya kuchanganya na petroli isiyoungua, maana moshi hutokea katikati ya propela. Lakini nilipolegeza skrubu ya chini ya gia boksi ikatoka oili nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yameingia, hilo halina ubishi.

Kuvua propela, mshipi wa nailoni umejisokota kwenye shafti hadi umezama kwenye sili (mpira unaozuia maji kuingia na oili kutoka). Fundi anataka tufumue gia boksi lote na kubadilisha beringi. Mimi naona tuanze na sili za shafti ya propela na washa (vipete vya kuzibia) za skrubu zote mbili, ya chini na ya juu, tupulize upepo kidogo ndani ya gia boksi, tupake maji ya sabuni tuone povu linatokea wapi, ndipo tujaze oili mpya kutokea chini.

Waliowahi kulifanya hili: sili ya fimbo ya gia (ile ya kubadilishia gia) nayo, kama inavuja, inaonekana kwa kipimo hicho? Na beringi iliyokwisha kunywa maji ya chumvi, unaiamini kutoka nayo nje ya mwamba na watu ndani?