Naomba ushauri: kijana wangu aombe Alliance au abaki Pwani?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mzazi wa mtaa wa Langoni, Lamu. Mwanangu yuko Gredi ya 9, na karibu tutachagua shule za sekondari pevu, yaani za Gredi ya 10 hadi 12. Moyo wake uko Alliance, kule Kikuyu, shule iliyoanza mwaka 1926.

Anautaka mkondo wa sayansi na uhandisi, na mimi naamini ndio wake. Juzi nilimkuta gatini amefungua kabureta ya mashine ya boti ya ami yake, vipuri amevipanga juu ya gunia kimoja kimoja, akimweleza mdogo wake njia yanamopita mafuta. Alama zake si mbaya, ila mtihani wa KJSEA, ule wa mwisho wa Gredi ya 9, ndio unaobeba asilimia 60 ya alama za kuingia sekondari pevu, na huo bado.

Safari ya kuvuka hadi Mokowe na kupanda basi mchana kutwa inamtia mamake wasiwasi, lakini mimi kinachonitatiza ni masomo yenyewe. Shule anayosoma haina maabara, hivyo majaribio mengi ameyaona kitabuni tu. Je, mtoto wa namna hii huwafikia wenzake katika muhula wa kwanza, au huvunjika moyo akiachwa nyuma? Na walimu wa huko huwapa wanafunzi nafasi ya kufanya majaribio kwa mikono yao?

Wenye watoto huko, hasa mliotoka huku kwetu, tafadhali nielezeni mliyoyaona.